Watawala Wasiotafuta Wafuasi

Imamu akifika mwisho wa Fatiha katika msikiti wa Kishafi, safu nzima huitikia "Amin" kwa sauti inayosikika mpaka barazani. Katika msikiti wa Kiibadhi mahali hapo hupita kimya. Mikono haikufungwa kifuani, imeachwa ubavuni tangu takbiri ya kwanza. Adhuhuri na alasiri husomwa Fatiha peke yake, bila ya sura ya kufuatia, na alfajiri haina kunuti. Mengine ni yale yale: kibla kimoja, rakaa zile zile, msahafu ule ule, Ramadhani ile ile. Mtu asiyejua anaweza kuswali ubavuni mwa Muibadhi miaka na miaka akidhani jirani yake ana haya tu ya kupaza sauti. Lakini walioswali hivyo ndio waliowang'oa Wareno katika Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, ndio waliokuwa wamehamishia makao ya dola yao Unguja kufikia mwaka 1840, na ukoo wa namna hiyo ya kuswali ndio uliokalia kiti cha Zanzibar mpaka Januari 1964. Karne mbili na nusu za nguvu, ukiacha mapengo ya hapa na pale, na pwani kutoka Barawa mpaka Kilwa ikabaki ya Kishafi kama ilivyokuwa.

Jambo hili si la kawaida. Waarabu husema watu huwa kwenye dini ya wafalme wao, na mifano haikosekani. Mwaka 1501 Shah Ismail alitangaza Ushia kuwa madhehebu ya dola katika Iran, nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa Masunni, na baada ya vizazi vichache ukawa ndio Uislamu wa umma. Kwa nini Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar, hawakufanya hivyo? Mtaani husikika majibu mawili. La kwanza ni la kusifu: Maibadhi ni watu wa uvumilivu, hawalazimishi mtu. La pili ni la kulaumu: walikuwa Waarabu wenye kiburi, dini yao waliiweka sandukuni pamoja na nasaba zao. Kila moja lina chembe ya ukweli, lakini yote mawili yanaanzia mwisho wa hadithi. Ninavyoona mimi, Uibadhi uliundwa na wanyonge waliokuwa wakitafuta mtawala mwadilifu, na makali yake yamo katika swali la nani anastahili kutawala. Mikononi mwa wanyonge uliwahi kuenea kama moto wa nyikani. Mikononi mwa ukoo unaorithishana kiti, haukuweza kuhubiriwa kwa raia bila ya mhubiri kujishitaki mwenyewe.

Tuanze Siffin, kando ya mto Furati, mwaka 657. Ali, khalifa wa nne, alikuwa akipigana na Muawiya, gavana wa Sham. Watu wa Sham walipoona mambo yanawaelemea wakainua misahafu juu ya mikuki wakitaka shauri liamuliwe kwa Kitabu, na Ali akakubali wateuliwe wasuluhishi wawili. Kundi katika jeshi lake likagoma. Walisema Ali amekwisha kupewa mkono wa utii kwa haki, na hukumu ya Mungu juu ya waasi inajulikana. Vipi leo tena watu wawili wakae wapime kama haki ni haki? Wakajitenga na kumchagua Abdallah bin Wahb ar-Rasibi, mtu wa kabila la Azdi, asiye Mkureshi. Hapo ndipo penye uzito wote, kwa sababu Masunni baadaye waliushikilia ukhalifa kuwa wa Makureshi na Mashia wakaufunga ndani ya nyumba ya Mtume, ilhali hawa walisema imamu ni yule Mwislamu aliye mchaji na mjuzi zaidi, hata akiwa mtumwa wa Kihabeshi, naye akikengeuka huondolewa. Mwaka uliofuata, 658, Ali aliwavunja Nahrawan, na mabaki yao wakakimbilia Basra.

Miaka ishirini na kitu iliyofuata ndiyo iliyoamua kama watu hawa wangekuwa madhehebu au genge. Mnamo 684 Nafi bin al-Azraq alitoka Basra na wafuasi wake akitangaza kwamba Mwislamu mwenye dhambi kubwa ni mshirikina, damu yake halali na mali yake ngawira. Hata yule anayekubaliana nao akabaki nyumbani, naye vilevile. Waliobaki Basra walikataa. Jina la Ibadhi linatokana na mmoja wao, Abdallah bin Ibadh wa Banu Tamim, ingawa mwalimu wa kweli wa kundi alikuwa Jabir bin Zaid, mtu wa Oman aliyesoma kwa Ibn Abbas, ambaye riwaya zake zimo hata katika vitabu vya hadithi vya Masunni. Baada yake akaja Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima, maskini msuka vikapu. Vitabu vya Maibadhi vinasimulia kwamba darasa lake lilikuwa katika chumba cha chini ya ardhi, na mlangoni aliwekwa mtu mwenye mnyororo. Mgeni akitokea mnyororo hutikiswa, na wanafunzi wakaacha vitabu wakashika ukindu. Mgeni akipita, darasa linaendelea. Kutoka chumba hicho walitumwa watu walioitwa wabeba elimu, wengine Oman, wengine Hadhramaut, wengine Khurasan, wengine mpaka Maghribi. Ni taswira inayofaa kubaki nayo: madhehebu yaliyokuja kuwa ya masultani yalilelewa na mafundi wa vikapu wanaoogopa askari wa gavana.

Kilichowatenga na akina Azraq ni fundisho moja, na ndilo ufunguo wa mengi yatakayofuata. Maibadhi wanasema kuna ukafiri wa namna mbili. Upo wa ushirikina, wa mtu anayemkana Mungu au kumshirikisha. Na upo wa neema, yaani wa mtu anayeamini lakini ameikufuru neema ya Mungu kwa kuasi. Mwislamu mwenye dhambi kubwa, na Mwislamu wa madhehebu nyingine anayekosea katika itikadi, yumo katika fungu la pili. Kwa hiyo unakula alichochinja, unaoa kwake, mnarithiana, unamzika. Ukipigana naye kwa sababu ya dhuluma yake hugusi mali yake baada ya vita. Anachokosa ni walaya, ule urafiki wa kidini wa kumtakia radhi za Mungu na kumhesabu miongoni mwa watu wa haki. Kinyume chake ni baraa, kujitenga na mtu moyoni mpaka atubu, na kati ya hayo mawili pako pa kusimama na kungoja kwa yule ambaye hali yake haijulikani. Muibadhi wa kale aliishi na hesabu hii kila siku. Alikuwa jirani mwema wa mtu ambaye moyoni hakumpa walaya.

Msunni atasema hapa kuna utamu wa juu juu tu, maana neno ni lile lile la ukafiri, na Maibadhi wanaamini kwamba mwenye dhambi kubwa akifa bila ya toba hukaa motoni milele, hana shufaa. Ni kweli, na hakuna haja ya kulipaka sukari. Katika akhera Uibadhi ni mkali kuliko Ushafi, ambao humtoa Mwislamu motoni hatimaye. Lakini ukali huo umehamishiwa huko huko akhera. Azraq aliwahukumu watu hapa duniani kwa upanga. Ibadhi alimwachia Mungu adhabu na akabaki na wajibu wa kula na kuzikana na mwenziwe. Ndiyo maana Maibadhi huchukia kuitwa Makhawariji, jina ambalo wengine bado wanawabandika. Kihistoria shina ni moja, hilo halifichiki. Lakini tawi lililokatwa kwa sababu ya kukataa kuua watu haliwezi kuitwa kwa jina la wauaji kana kwamba hakuna kilichotokea mwaka 684. Tamko la Amman, lililoanza kutolewa Jordan mwaka 2004, liliuhesabu Uibadhi miongoni mwa madhehebu nane ambazo mfuasi wake haifai kukufurishwa.

Katika itikadi zaidi ya hapo nitapita haraka, kwa kuwa ni uwanja wa wanachuoni na haukuamua mambo ya pwani. Maibadhi wanashikilia kwamba Mungu hataonekana kwa macho hata Peponi, na wengi wao kwamba Kurani imeumbwa, ingawa wanachuoni wa Oman walibishana sana juu ya hili katika karne ya 9. Hapo wako karibu na Mu'tazila. Lakini katika kadari wako upande wa Ash'ari: vitendo vya mja huviumba Mungu, na mja huvichuma. Kitabu chao kikuu cha hadithi ni Musnadi wa ar-Rabi bin Habib, uliopangwa upya na al-Warjlani wa Algeria, aliyefariki karne ya 12, na wahakiki wa Kisunni huuliza kilikuwa wapi kabla ya hapo. Mjadala haujesha.

Turudi kwenye utawala. Wakijua kwamba imamu mwadilifu hapatikani kila siku, Maibadhi walizipa hali za jamii majina manne. Kuna dhuhuri, wakati wa kudhihiri, imamu anapotawala wazi. Kuna difaa, anapochaguliwa imamu wa kujihami tu. Kuna shiraa, pale watu wasiopungua arubaini wanapojitolea nafsi zao kumpinga dhalimu. Na kuna kitmani, wakati wa kuficha, jamii inapoishi chini ya mtawala asiyekuwa wao, ikatunza elimu yake na kungoja. Sijui madhehebu nyingine ya Kiislamu iliyokaa chini ikaandika mapema namna hii sheria za kushindwa kwake. Aliyeshindwa hakuhesabiwa kuwa ameasi, aliambiwa yuko katika mlango gani wa fikihi.

Palipokuwa na wanyonge, mbegu hiyo iliota. Maghribi ilikuwa nchi ya Waberiberi waliosilimu wakaendelea kutozwa na kudharauliwa na magavana wa Kiarabu. Mwalimu akija akasema kwamba ukabila haumpi mtu uongozi, na kwamba Mberiberi mcha Mungu anastahili kuliko Mkureshi mwovu, alisikilizwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 8 wakamchagua Abdurrahman bin Rustam, mtu wa asili ya Kiajemi, mmoja wa wabeba elimu wa Abu Ubaida, akatawala Tahert, katika Algeria ya leo. Ibn as-Saghir, mwandishi aliyeishi mjini humo bila ya kuwa Muibadhi, ameacha habari ya wajumbe waliotoka Basra na mali ya kumsaidia. Walimkuta imamu juu ya paa la nyumba yake akiziba nyufa, mtumwa akimpa udongo kutoka chini. Aliwaomba wangoje, akashuka, akanawa tope, akawaandalia mkate na samli. Mwandishi huyo huyo anataja mjini Tahert msikiti wa watu wa Basra, wa watu wa Kufa, wa watu wa Kairuani, na jinsi mtu wa madhehebu nyingine alivyokaa akajadiliana na Maibadhi kwa hoja. Haya yaliandikwa karibu na mwaka 900 na mtu asiyekuwa na sababu ya kuwapamba.

Lakini angalia kilichofuata paa lile. Abdurrahman alipofariki, nafasi ilikwenda kwa mwanawe Abdulwahhab. Kundi likapinga, likitaka imamu asikate shauri bila ya baraza, na likajitenga. Wakaitwa Nukkari, wakanushaji. Tangu hapo uimamu wa Tahert haukutoka nyumba ya Rustam mpaka Mafatimi walipouangusha mji mwaka 909. Waliookoka walijivuta jangwani, wakajenga miji ya Mzabu, na huko, bila ya imamu, wakaunda baraza la azzaba, wazee wa elimu wanaotawala msikiti, soko na ndoa. Silaha yao kubwa ilikuwa baraa: mkosaji hasalimiwi, hashirikishwi, mpaka asimame msikitini atubu. Huo ndio kitmani uliofanya kazi, na umewahifadhi Wamzabu kwa karne kumi. Hauna mlango wa kumvuta mgeni, kwani jamii inayojilinda kwa kutenga haikui kwa kuingiza.

Oman ni hadithi ile ile kwa urefu zaidi. Al-Julanda bin Masud alichaguliwa imamu kiasi cha mwaka 750, na tangu hapo milima ya Nizwa imeona maimamu wakichaguliwa, wakiuzuliwa, wakiuawa, na vipindi virefu bila ya imamu. Ibn Battuta alipofika Nizwa katika karne ya 14 aliandika jambo dogo ninalolipenda: kwamba watu wa mji huo hula chakula chao katika nyua za misikiti, kila mtu akileta alichonacho, wakakusanyika na mpita njia akala nao. Aliandika pia kwamba Ijumaa waliswali rakaa nne za adhuhuri, na hotubani walimtakia rehema Abubakar na Umar wakawanyamazia Uthman na Ali. Msafiri huyo huyo alikuwa ameipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akawakuta watu wake Mashafi. Pwani, basi, ilikuwa na madhehebu yake zaidi ya karne tatu kabla ya nguvu ya Oman kufika, na huu ni uzito wa kwanza wa kuweka kwenye mizani.

Nguvu hiyo ilianza kwa uchaguzi. Mwaka 1624 wanachuoni walimchagua Nasir bin Murshid wa ukoo wa Yaarubi, akaiunganisha nchi. Aliyemfuata aliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mafanikio yakaleta majahazi, majahazi yakaleta mali, mali ikaleta mashamba ya mitende na mifereji, na uimamu ukaanza kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mnamo 1719, baada ya Sultan bin Saif wa pili kufariki, makabila yalitaka kumpa mwanawe mdogo uimamu na wanachuoni wakasema mtoto haswalishi, vipi awe imamu? Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata, Waajemi wakaingia, na aliyewatoa, Ahmad bin Said wa Busaidi, akapewa uimamu katikati ya karne ya 18. Baada ya mwanawe, warithi waliacha hata kulidai jina hilo. Walijiita Seyyid. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala kuanzia 1806 mpaka 1856 na kuifanya Unguja kitovu cha karafuu, hakuwa imamu siku hata moja.

Tofauti ya Seyyid na imamu si ya heshima tu. Imamu ana daawa, ana haki ya kuwataka watu wampe mkono wa utii kwa jina la dini. Seyyid ana forodha. Kwa wanachuoni wakali wa ndani ya Oman, watawala wa namna hiyo walikuwa wababe waliojitwalia nchi, na pale nguvu zilipowaruhusu walilionyesha hilo: mwaka 1868 walimweka Azzan bin Qais kuwa imamu Maskati, akadumu mpaka 1871, mwaka 1913 wakamchagua Salim bin Rashid al-Kharusi, na uimamu huo ukaishikilia Nizwa mpaka miaka ya 1950. Kwa hiyo mtu akisema "Maibadhi walitawala Zanzibar" amesema kweli nusu. Waliotawala walikuwa Maibadhi. Dola haikuwa ya Kiibadhi kwa kipimo cha Uibadhi wenyewe.

Sasa weka fundisho hili mbele ya Unguja ya 1850. Mwenye shamba la mikarafuu ana watumwa mia wanaopanda, kupalilia na kuchuma. Wengi wao wametoka bara na wanasilimu. Awafundishe nini? Kwamba uongozi ni wa mcha Mungu hata akiwa mtumwa mweusi? Kwamba mtawala hurithi kiti kwa dhuluma na huondolewa akikengeuka? Maneno yale yale yaliyowasimamisha Waberiberi dhidi ya magavana wao yangeweza kusimamisha shamba zima. Sidai kwamba kuna Mwarabu aliyekaa barazani akalipanga hili kwa makusudi. Mambo haya huwa hayapangwi, mtu hukaa kimya tu juu ya yale yasiyomfaa. Uibadhi uliobaki Unguja ulikuwa wa mirathi, talaka, wakfu na namna ya kuswali, mambo ya nyumbani, na mambo ya nyumbani hufuata damu. Ukawa jambo la kuzaliwa nalo, kama jina la ukoo.

Mtumwa na mtoto wa mtumwa walipata Uislamu wao kwingine. Waliufundishwa na walimu wa Kishafi wa mtaani kwa Kiswahili, na kuanzia miaka ya 1880 tarika zikawafungulia mlango mpana zaidi. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa alieneza Kadiria Zanzibar na bara, na katika halaka ya dhikiri bega la mtumwa liligusa bega la mwungwana. Ajabu ni kwamba masultani wa Kiibadhi, Barghash akiwamo, walimkaribisha sheikh huyo na kumsaidia, ingawa dhikiri ya sauti na kutukuza mawalii havina nafasi katika Uibadhi wa vitabuni. Hapa lile fundisho la ukafiri wa neema lilifanya kazi yake ya kale. Kwa kuwa Mshafi ni Mwislamu wa kuoana na kurithiana naye, sultani hakuwa na sababu ya kidini ya kumsumbua. Akaweka makadhi wa aina mbili, wa Kisunni na wa Kiibadhi, kila mtu ahukumiwe kwa madhehebu yake. Masheikh kama Muhyiddin al-Qahtani na Abdulaziz al-Amawi, wote wa asili ya Barawa, walikalia ukadhi wakilipwa na dola ambayo mwenyewe haikuwa ikisema Amin.

Ataniuliza mtu: na Barghash je? Sultani huyu, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, hakuwa mlegevu. Alianzisha kiwanda cha chapa Zanzibar kilichotoa vitabu vya fikihi ya Kiibadhi, kikiwamo Kamusi ya Sharia cha as-Saadi, na hata tafsiri ya Kurani ya Muhammad bin Yusuf Atfayyish, mwanachuoni aliyekuwa akiishi huko Mzabu. Muibadhi wa Beni Isguen, mji wa Mzabu, kupigiwa chapa kitabu chake Unguja ni jambo la kustaajabisha hata leo. Alimfunga pia Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, aliyetoka gerezani baada ya sultani kufariki, na mwanachuoni Ali bin Khamis al-Barwani, Muibadhi aliyegeuka Msunni. Lakini tazama ni nani aliyefungwa na kwa nini. Mazrui alikuwa wa ukoo wa Kiomani uliotawala Mombasa mpaka 1837, ukatoka katika Uibadhi ukawa wa Kishafi. Barghash hakuwa akiwaingiza Waswahili, alikuwa akijaribu kuwazuia Waarabu wasitoke. Na vitabu vyenyewe vilichapwa kwa Kiarabu, majuzuu kwa majuzuu, vya kusomwa na aliyekwisha kuwa mwanachuoni. Mfalme anayejenga ukuta kuzunguka nyumba yake ameshaona watu wanahama.

Kuhama huko ndiko kunakoijibu hoja nyingine, kwamba Maibadhi walikuwa wachache na hesabu ndiyo iliyoamua. Uchache hauelezi kwa nini mkondo ulikwenda upande mmoja. Wachache wenye kiti, mashamba na ukadhi kwa kawaida huvuta watu. Hapa walivutwa wao. Mama wa watoto wa Seyyid Said walikuwa masuria, na watoto wa Waarabu wengi walilelewa na mama na yaya wasiokuwa wa ukoo wa baba. Lugha ya ndani ikawa Kiswahili; maulidi ya mtaa, ziara na madrasa yalikuwa ya Kishafi. Baba alibaki na mikono chini msikitini kwake, mtoto akajifunza Amin kwa wenzake. Kilichomshikilia mtoto katika madhehebu ya baba kilikuwa nasaba, na nasaba ni kamba ya kufungia, haina ndoano.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka kwa wale wanaosema nimezidisha siasa: labda ni Uswahili wenyewe ulioshinda, ustaarabu wa miji uliokomaa, wenye mashairi yake na masharifu wake wa Kihadhrami, usiohitaji kitu kutoka Nizwa. Nakubali kwamba ulikuwa ukuta mgumu. Lakini ukuta huo unaeleza Lamu na Mombasa, hauelezi bara. Misafara ya pembe iliyokwenda Tabora, Ujiji na mpaka Kongo iliongozwa kwa sehemu kubwa na watu wa asili ya Oman, na huko hapakuwa na Mashafi wa karne sita waliotangulia. Palikuwa wazi kabisa. Na bado Uislamu ulioota kandokando ya njia hizo ukawa wa Kishafi na wa tarika, ukipandwa na wapagazi, mafundi na walimu wa Kiswahili, huku tajiri wa msafara akiswali namna yake na mambo yake.

Kilichotokea baada ya kiti kuvunjika ndicho ninachokiona kuwa ushahidi wa mwisho. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwaua na kuwafukuza watu wengi wa asili ya Kiarabu, na mashamba yao yakataifishwa. Kijana mmoja aliyezaliwa Unguja mwaka 1942, Ahmad bin Hamad al-Khalili, aliondoka kwenda Oman, na kuanzia 1975 akawa mufti mkuu wa nchi hiyo. Sauti kubwa ya Uibadhi duniani ilijifunza kusoma kwenye vumbi la Zanzibar. Waliobaki Afrika Mashariki walijikuta hawana sultani, hawana ukadhi wao, hawana karafuu. Kwa lugha ya madhehebu, waliingia kitmani. Na hapo, kwa mara ya kwanza, Uibadhi wa huku ukaanza kusema na watu. Jumuiya ya Istiqaama imejenga misikiti na shule Unguja, Pemba na Tanzania Bara. Vitabu vya itikadi, vya kuswali na vya kujibizana na Masunni vinaandikwa kwa Kiswahili, vyepesi, vya kutiwa mfukoni. Mijadala kama Mungu ataonekana Peponi au la, ambayo Barghash aliichapa kwa Kiarabu ili isomwe na wachache, sasa hurekodiwa na kupitishwa kwenye simu, na wanaoisikiliza ni pamoja na watu ambao babu zao walichuma karafuu za wengine.